Ruba Nisiloliona

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sikuanza jana. Nilipokuwa msichana kwetu Kituntu, mama alinichapa mara nyingi kwa kukataa maziwa yaliyoingia unyasi mmoja tu, na dada zangu walizoea kunitajia konokono wakati wa kula ili niache maharage yangu wayagawane. Nasema haya mapema ili mtu asisome akidhani kwamba huko mbele nitabadilika na kuwapenda mbwa. Sikubadilika. Hata leo mbwa akipita karibu na sahani yangu, nimeshashiba.

Niliolewa Mabira miaka ya mwanzo ya hamsini. Mume wangu alikuwa amelelewa na babu yake mzaa baba, maana baba yake alikufa mapema. Nilipofika nikakuta kwamba nyumba niliyoolewa ni ya babu huyo, mgane, na kwamba mwanamke wa kupika, wa kuosha vibuyu vya maziwa na wa kutandika nyasi sakafuni ni mimi. Mama mkwe aliishi upande wa pili wa kibanja, akatokeza kati ya migomba kila alipotaka kukagua. Kabla hatujamaliza miezi mitatu mume wangu akavuka mto pale Murongo kwenda Uganda kuchuma kahawa za watu, kama walivyofanya vijana wengi wakati ule. Akaniachia mimba, babu, na mbwa.

Alikuwa mbwa jike wa kuwindia, mwekundu, kifua cheupe, mkia umejikunja. Mbwa wa namna ile hawabweki ovyo, kwa hiyo huvalishwa shingoni kengele ya mti ili mwindaji ajue walipo vichakani; siku zisizo za kuwinda kengele huzibwa kwa nyasi, ulimi wake usilie. Babu alikuwa mwindaji wa sifa zamani zake. Wakati wangu macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, haoni sura ya mtu mpaka amkaribie kabisa. Mbwa ndiye aliyemtangulia kwenda malishoni kusikiliza ng'ombe wake wachache, ndiye aliyempeleka kwa majirani kunywa rubisi, na ndiye aliyemrudisha miguu ikiwa imemlegea. Walilala pamoja ndani ya msonge, karibu na mafiga, juu ya nyasi nilizotandika kwa mikono yangu.

Kwetu babu na mke wa mjukuu hutaniana, ndiyo desturi, na mzee yule hakuwa mchoyo wa utani.

"Mke wangu mdogo," aliniambia juma lile la kwanza, "huyu ndiye mke mwenzako mkubwa. Umesahau kumwamkia."

"Simwamkii mwenye mkia, babu."

"Basi nyama akileta yeye, usile."

Nilicheka kwa adabu. Kwetu Kituntu mbwa alilala nje, akanyeshewa, na hakuna aliyemwita mke. Lakini mgeni hana mdomo, na bibi harusi ni mgeni kuliko wageni wote.

Ugonjwa ulianza kwa chafya. Mbwa alikuwa akipiga chafya tatu nne mfululizo, anatikisa kichwa, masikio yanapigapiga, na kengele iliyozibwa inagonga kwa sauti ya kibuyu kikavu. Babu akasema ni moshi. Baadaye tundu la kushoto la pua likaanza kutoa kamasi, la kushoto peke yake, la kulia kavu kabisa. Kamasi ikawa nzito, ikawa ya manjano, ikaingia nyuzi za damu. Ilining'inia puani, ikirefuka taratibu, na mimi, nisiyeweza kuitazama, nikawa siwezi kutazama kitu kingine. Kisha chafya inakuja na ule uzi unaruka. Uliruka kwenye nyasi zangu mpya. Uliruka kwenye mafiga, ukachemka pale juu ya jiwe ukatoa harufu. Siku moja uliruka kwenye mguu wangu, katikati ya vidole, na nilikaa kisimani nikisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikauma.

Halafu uvundo. Kwanza ulikuwa wa maziwa yaliyochacha, baadaye wa nyama iliyosahauliwa chunguni. Mbwa alikoroma kama mzee, akavuta pumzi kwa mdomo, na kila pumzi aliyoitoa ilinifikia nilipokaa. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilitapika asubuhi kwa sababu ya mimba, na mchana nilitapika kwa sababu ya mbwa.

Vibuyu vya maziwa nilivifukiza kwa moshi wa majani makavu kama nilivyofundishwa, nikavifunika, nikavitundika juu. Siku niliyokuta tone la damu limekauka kwenye mfuniko wa kibuyu, nilikwenda kwa mama mkwe nikilia. Nilimwambia mbwa yule atolewe nje, atupwe, au mimi nirudi kwetu.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika kidevu.

"Umemtemea mate?"

"Hapana, mama."

"Umekunja pua ukimwangalia?"

Nilitazama chini, maana nilikuwa nimekunja pua kwa mwezi mzima.

"Sikiliza, mwanangu. Mwenye mimba hamwonei kinyaa kiumbe mgonjwa. Ukimkunjia uso, uso ule anauchukua mtoto. Unataka kunizalia mjukuu mwenye pua inayovuja? Ukisikia mate yamekujaa, meza."

Basi nikameza. Sijui kama wasomaji wangu wamewahi kumeza mate ya kinyaa kutwa nzima, mbele ya mnyama anayetoa usaha, huku wameulegeza uso kama mtu anayesikiliza mahubiri. Ni kazi kuliko kulima. Tena ukimeza sana unazidi kutapika. Na nilikuwa na hofu ya kweli. Kanisani niliambiwa hayo ni mambo ya wasioamini, lakini mimba ilikuwa tumboni mwangu, haikuwa tumboni mwa mwinjilisti. Kila nilipotazama pua ile iliyolowa niliwaza pua ndogo inayojengwa ndani yangu, nikaulegeza uso, nikameza. Nikamchukia mbwa kwa chuki ambayo sikuwa nayo hata kwa binadamu.

Kumtoa nje babu hakukubali. Nilimwomba kwa utani, nikamwomba kwa adabu.

"Mke mkubwa hafukuzwi kwa mafua," alisema. Lakini alianza kuwa na wasiwasi. Mbwa alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa. Alipita karibu na kipande cha nyama asikijue mpaka kimguse mdomo, na mara mbili alimwongoza babu hadi kwenye mtaro wa kibanja wakaanguka wote wawili. Jioni babu alimkalisha kati ya magoti, akampapasa pua kwa kidole, akaziba tundu moja na kusikiliza pumzi, kisha akaziba la pili. Kidole kile hakukiosha. Alikipangusa kwenye nyasi, na kwa mkono uleule akachukua ndizi sahanini.

Siku moja, jua likiwa la kutosha mlangoni, akaniita.

"Mke wangu mdogo, wewe macho yako ni mazima. Chungulia ndani ya tundu hili uniambie unaona nini."

Nikainama. Nilivuta pumzi kabla, nikaibana. Nikaona weusi wa tundu, damu iliyoganda ukingoni, kamasi, na inzi mmoja. Hakuna kingine. Na pale pale, nikiwa nimeinama, shauri likanijia kichwani likiwa limekamilika.

Ng'ombe wanaokunywa kwenye mabwawa ya tambarare huingiwa na ruba puani, na mbwa pia. Kila mtu kule anajua. Ruba hukaa ndani likinyonya, na mnyama hutoka damu na kupiga chafya. Na dawa yake kila mtu anaijua vilevile: unamfunga mnyama mbali na nyumba, siku tatu, bila tone la maji. Ruba nalo linashikwa na kiu. Siku ya tatu unaleta maji, unayaweka chini ya pua, na ruba linaposikia ubaridi wa maji linachungulia. Hapo unalikamata kwa jani la msasa, lile linalokwaruza, maana kwa vidole vitupu linateleza.

Siku tatu. Mbali na nyumba.

"Naona ruba, babu," nikasema. "Jeusi. Limechungulia, likarudi ndani."

Sikuwahi kusema uongo uliotoka kirahisi vile. Babu alishusha pumzi ndefu, akacheka. Alicheka kweli, meno yake machache yote nje.

"Ruba! Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa kitu kibaya."

Akamfunga siku ileile nyuma ya zizi la ng'ombe. Mimi nikang'oa nyasi zote za msonge nikazichoma, nikafagia, nikatandika mpya, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikala ndizi zangu nikamaliza. Usingizi wangu ulikuwa mtamu. Niandike hivyo hivyo, maana ndivyo ulivyokuwa.

Kwa kuwa babu haoni, kazi ya kulinda maji niliachiwa mimi. Nililinda vizuri. Nilifunika mitungi, nikamwaga maji ya kuoshea vyombo mbali, nikawakataza watoto wa jirani kupita upande ule na vibuyu. Siku ya kwanza mbwa alilala tu. Siku ya pili alilamba nguzo za zizi zilizokuwa na umande, kisha akalamba udongo pale ng'ombe walipokojoa, na ulimi wake ukawa na matope, na mimi nilisimama nikamwangalia na kitu pekee nilichohisi ni karaha. Nilimwona akinitazama. Nikageuka, huku nikiulegeza uso kwa ajili ya mtoto. Huruma ilinipita mbali.

Siku ya tatu, jua likipanda, babu alikuja na bakuli la mti lililojaa maji na majani ya msasa mkononi. Tulikuwa sisi wawili tu. Akapiga magoti, akamwinua mbwa kichwa kwa mkono wa kushoto, akafunga jani kwenye kidole gumba na cha shahada.

"Weka maji. Sogeza mpaka karibu kugusa. Niambie likitoka."

Nikaweka. Mbwa alipoyasikia maji mwili wote ulitetemeka. Hakulia kama mbwa. Ilikuwa sauti ya mlango mkavu. Alinyoosha shingo, babu akamshikilia, na ulimi ukapigapiga hewa kiasi cha kidole kimoja juu ya maji.

"Bado?" akauliza babu.

"Bado."

Nilikuwa nasubiri nini? Hapakuwa na ruba. Nilijua kwamba baada ya muda nitasema limekataa kutoka, na kwamba babu atasema tungoje siku ya nne. Nilikuwa nikiipigia hesabu hiyo siku ya nne ndipo mbwa akapiga chafya kubwa, na kitu kikatokeza tunduni. Kilikuwa cha rangi ya mapafu, kimelowa, chenye vinundu. Kilijaza tundu lote na kikabaki pale.

"Sasa!" nikapiga kelele. Neno lilinitoka tu.

Babu akashika, akavuta.

Nimesikia mbwa wakigongwa na wakikanyagwa na ng'ombe, na sijasikia tena sauti ile. Kitu kilitoka kwa nguvu, kwa kunyofoka, na nyuma yake ikaja damu, kisha maji ya manjano, kisha vipande. Bakuli likawa jekundu. Babu akamwachia, na mbwa akatumbukiza mdomo mzima humo ndani akanywa, akanywa maji yale yenye damu yake mwenyewe, akapiga chafya ndani yake, akanywa tena. Nilitapikia zizini.

Babu alibaki amepiga magoti, kiganja kimefunguka mbele yake, akikisogeza machoni bila faida.

"Ndilo?"

Ruba likitolewa hujikunja na kujikunjua. Ruba halina uvundo. Kile kilikuwa kipande cha nyama.

"Ndilo, babu."

"Litupe majivuni life."

Akanikabidhi. Nikapokea kwa kiganja changu. Kilikuwa cha moto, na laini, na nilipokaza vidole kidogo ili kisidondoke, kikavunjika katikati kama ini lililopikwa likalala. Nilikimbia mpaka kwenye lundo la majivu nikakitupa, na kabla sijageuka kuku wawili wakafika wakakigombea. Wanawake wa kwetu hawakuwa wakila kuku wala mayai wakati ule, ulikuwa mwiko, na siku ile ndiyo peke yake nilipoushukuru mwiko huo.

Sasa cha ajabu ni kwamba mbwa alipata nafuu. Tundu lilikuwa limezibuliwa, pumzi ikapita. Kwa wiki kadhaa hakukoroma, akala, akamtangulia babu tena. Alirudi kulala juu ya nyasi zangu. Na babu, ambaye alikuwa hanyamazi hata akiwa na huzuni, akawa hakamatiki kwa furaha. Kila palipokamuliwa rubisi alisimulia jinsi mke wake mdogo, msichana wa Kituntu, mla ndizi, alivyoona ndani ya tundu la pua kitu ambacho wachungaji wa ng'ombe wa miaka mingi wasingekiona.

Mnadhani ilinisaidia nini? Watu wakaanza kuja. Walikuja na ndama, wakaja na mbuzi, mmoja akaja na fahali anayevuja mapovu. "Tumesikia mama wa hapa ana jicho." Nikiwa na tumbo la miezi saba nikawa nainamishwa mbele ya kila pua yenye kamasi kuanzia Mabira hadi vilima vya pili. Nilipigiwa chafya usoni na ng'ombe. Fahali alinilamba paji la uso kwa ulimi uliokuwa umetoka puani mwake mwenyewe. Mama mkwe alisimama pembeni, ananitazama usoni kama nitakunja. Sikukunja. Nilimeza, nikasema sioni kitu, nikameza. Mungu ana njia zake za kumlipa mtu, na hana haraka ya kukukopesha kitambaa cha kujifutia.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa na urefu wa mwezi mmoja na nusu. Chafya zilirudi. Damu ikarudi, sasa kwa wingi, ikidondoka yenyewe bila chafya, mpaka nyasi zikawa na mistari kutoka mlangoni hadi mafigani. Pua ya mbwa ikaanza kuinuka upande wa kushoto, mfupa wenyewe ukivimba chini ya jicho, na jicho likasukumwa nje kidogo, likawa linatoa machozi mazito yanayonata. Nusu moja ya uso ilikuwa ya yule mbwa mwekundu, nusu nyingine sijui ilikuwa ya nani. Nilikuwa nikimwekea chakula nikiwa nimefumba macho. Uvundo wake ulinifuata hadi kisimani, ukaingia ndani ya nguo zangu.

Babu alimpapasa uso kwa muda mrefu.

"Liliacha mtoto ndani," akasema. "Tutarudia. Kesho namfunga."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Najua mahali hasa: nilikuwa nimesimama karibu na mtungi, kata mkononi. Maneno hayakuwa mengi. Sikuona ruba, babu, nilisema uongo, ile ilikuwa nyama yake. Kama ningesema, mbwa yule asingefungwa tena. Nikawaza jina nililopata, nikawaza mume wangu akirudi na kuambiwa, nikawaza jinsi mama mkwe atakavyonishika kidevu. Nikachota maji, nikaweka mtungini, nikafunika.

Akafungwa. Siku ya kwanza ikapita bila maji. Siku ya pili nilibeba bakuli la maji nikaenda nyuma ya zizi, na nilipofika hatua tano uvundo ukanirudisha. Nikajaribu tena, nikasukuma bakuli kwa fimbo. Likapinduka. Nikalia kwa hasira, sijui hasira ya nani, nikarudi ndani.

Siku hiyo hiyo ya pili, kabla ya adhuhuri, akafika bwana mifugo. Alikuwa kijana kutoka mbali, mwenye kaptula na sanduku la bati, aliyezunguka kuchanja ng'ombe. Nikamletea kahawa za kutafuna kama mgeni anavyostahili. Yeye hakujua Kinyambo, na babu alizungumza naye kwa Kiswahili alichokipata zamani alipobebeshwa mizigo katika vita vya kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ukimaliza ng'ombe, iko mbwa yangu. Iko na ruba."

Bwana mifugo alicheka kidogo, akafuata. Nami nikafuata, kwa sababu miguu haikukubali kubaki. Alichuchumaa mbele ya mbwa. Hakufunika pua. Aliutazama ule uso kutoka mbele, kisha kutoka juu, akaubonyeza mfupa kwa kidole, akaufunua mdomo kwa kijiti na kuinamisha kichwa aone kaakaa. Nami nikaona. Kaakaa la upande ule lilikuwa limeshuka, limevimba, lina kidonda kinachovuja.

"Mzee, hapa hakuna ruba."

"Limekataa kutoka."

"Halikuwahi kuwapo. Hii ni nyama imeota ndani, imekula mfupa. Ilianza miezi mingi iliyopita. Dawa yake sina, wala wakubwa wangu hawana." Akainuka. "Mbona kinywa kimekauka hivi? Hanyweshwi maji?"

Kuku walikuwa wakichakura.

"Nani alisema ni ruba?"

Nilimwangalia babu. Alikuwa amegeuza uso upande wangu, si kwangu hasa, kwenye sauti ya pumzi yangu. Macho yake meupe yalipita juu ya bega langu.

"Mimi," akasema. "Macho yangu mabovu. Nilidhani nimeona."

Kisha akasema kwa Kinyambo, bila kuinua sauti, "Lete maji." Nikaleta mtungi mzima. Alimnywesha mwenyewe kwa kiganja, kidogo kidogo, maana mbwa alikuwa hawezi tena kulamba vizuri na mengi yalirudi kupitia puani yakiwa mekundu. Bwana mifugo alisema kwamba kumwacha vile ni kumtesa. Babu akasema anajua kazi yake.

Baada ya mgeni kuondoka babu aliingia msongeni akatoka na mkuki wa zamani. Akapiga magoti, akaingiza kidole ndani ya kengele ya mbwa, akachomoa nyasi zote. Mbwa aliposikia kengele yake inalia wazi alisimama. Sijui alipata wapi nguvu. Mkia ukajikunja, akatangulia. Nilisikia kengele ikishuka kibanjani, ikitoka kwenye migomba, ikiingia nyasi za malishoni, na babu nyuma yake ameshika kamba. Ilisimama, ikagonga mara mbili, haikugonga tena.

Alirudi peke yake. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu hakuwa na wa kumtangulia. Alipapasa mgomba hadi mgomba, akapotea kuelekea kwa mama mkwe, akarudi, akagonga ua wa zizi. Nikaenda nimshike mkono.

"Nitafika," akasema.

"Babu, lile ruba, mimi..."

"Ruba gani?"

Akapita. Mkononi alikuwa na kengele. Tangu siku ile hakuniita tena mke wangu mdogo. Aliniita mke wa mjukuu wangu, kwa heshima kamili, na alinishukuru kwa kila sahani. Mtu asiyejua desturi zetu angesema mzee yule ananipenda. Nyumba ilikuwa safi, nyasi hazina doa, vibuyu vinanukia moshi. Nilikaa ndani yake nikinusa mikono yangu.

Mwezi uliofuata nilijifungua mtoto wa kiume. Mama mkwe ndiye aliyempokea, na kabla ya kukata kitovu alimgeuza kwenye mwanga wa mlango akamtazama pua. "Mshukuru Mungu," akasema. Nikalia. Wanawake wakadhani ni uchungu.

Siku ya kumtoa mtoto nje, babu aliletwa, akakalishwa kwenye kigoda. Nikamwekea mtoto mapajani. Nilikuwa nimetayarisha maneno siku nyingi.

"Pua yake ni nzuri, babu," nikamwambia. "Nimemtazama vizuri. Ni pua ya kwenu."

Hakugeuka. Alinyoosha kidole, kidole kilekile, na ukucha ule mweusi wa tumbaku, akakishusha kutoka paji la uso la mwanangu hadi kwenye ncha ya pua. Nilisikia kinyaa kikipanda kama zamani. Nikameza. Akaziba tundu la kushoto, akainamisha sikio, akasubiri mpaka akasikia pumzi. Akaziba la kulia, akasubiri tena. Mtoto akaanza kulia.

Babu akamwinua, akamkabidhi mama mkwe, si mimi.

"Nimeshika mwenyewe," akamwambia. "Pua ni nzima."